Diwani wa Watu, Diwani ya Mashairi

Kiswahili kina neno moja lenye makao mawili. Diwani ni kitabu kilichokusanya mashairi ya malenga. Diwani ni mtu aliyechaguliwa na kata yake akaketi katika baraza la halmashauri. Neno lilitoka Uajemi likapita Uarabuni, na maana yake ya kale ni daftari: mahali pa kuandikia yaliyosemwa yasipotee. Baraza nalo, kwa watu wa pwani, ni kile kikalio cha mawe mbele ya nyumba, ambapo mpita njia huketi bila kualikwa.

Maana hizo zinakutana mbali na bahari, huko Mbangala, wilayani Songwe, nchi ya dhahabu. Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali. Kwa hiyo, kama ni kisima, zahanati au darasa, shauri hupitia kwa madiwani, Mkwajuni. Mwanakijiji anao mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Humo husema lililo moyoni. Likitakiwa kufika baraza zima, hubebwa na diwani wake, na neno la kubebwa hupungua njiani mfano wa maji ya ndoo.

Mtandao unaahidi kuifupisha njia hiyo. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, wabunge mjini Dodoma waligawanywa kumbi mbalimbali, na kamati maalumu ya Seneti ya Kenya ikaendesha vikao vyake kwa video. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 118 na 196, inalazimisha Bunge na mabaraza ya kaunti kuwashirikisha wananchi. Halmashauri ikifungua mlango kama huo, mama wa Mbangala ataweza kuketi ofisi ya kijiji, mbele ya simu, akasema: “Mheshimiwa Mwenyekiti, maji ya mto wetu yamebadilika ladha.”

Lakini msema kweli huhitaji zaidi ya kusikika. Mbele ya kioo hakuna jirani wa kuguna nyuma yake, wala macho ya kumwonesha kwamba neno limeingia. Sauti ikikatika katikati, waheshimiwa hupata nusu ya ushahidi, na kikao huendelea na ajenda nyingine. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera, aliwapa Waswahili utungo usiokamilika bila mtu wa pili kujibu. Ushahidi usiojibiwa ni ngonjera ya mtu mmoja.

Na hata ukisikika wote, hatari kubwa iko kwenye muhtasari. Mama amesema “yamebadilika ladha”; karani huandika “changamoto ya ubora wa maji”. Lugha ni ile ile, na tafsiri imekwisha kufanyika: ulimi ulioonja umeondolewa, na pamoja nao mtu anayepaswa kujibiwa. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hiyo ni heshima kubwa, ila Kiswahili cha ofisi nacho chaweza kumfukuza mwenye Kiswahili chake.

Madiwani wakitaka kulistahiki jina lao, mitambo ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni daftari: neno liandikwe kama lilivyotamkwa, lisomwe mbele ya aliyelisema, naye aulizwe kama ndilo. Kisha ajibiwe.