Uzamivu na Mtoto Mgongoni

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu, hakuna aliyeniuliza watoto nimemwachia nani. Dada yangu, mkazi wa Mfaranyaki mjini Songea, huulizwa hivyo kila anapopanda basi kwenda Dar es Salaam kuonana na msimamizi wake, safari ya zaidi ya kilomita 900. Jibu lake ni mama yetu, aliyetusomesha kwa magunia ya mahindi na sasa anambeba mjukuu ili tasnifu iandikwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanafunzi asiye na mwajiri hana mahali katika vifungu hivyo.

Wangari Maathai alihitimu uzamivu Nairobi mwaka 1971 akiwa tayari mama. Twamsifu, na anastahili. Hata hivyo, ushujaa wa mmoja hauwezi kuwa sera ya wote. Mwanafunzi anapojifungua, muda wa usajili usimame na ada ya miezi hiyo isidaiwe. Vinginevyo, wahadhiri wanawake tunaowahitaji wataendelea kulelewa na migongo ya bibi zetu.