Damu ya Utotoni

Katika shirika letu kuna mwimbaji mwenye ugonjwa wa drepanositozi, ule ambao wengi wetu huuita SS. Alipolazwa hospitalini, tulimwombea rozari usiku kucha. Lakini baadhi yetu tulinong'ona pia kwamba kuna mkono wa mtu katika jamaa yake. Mama yake alisikia. Tangu hapo hukaa nyuma kabisa kanisani, nasi hatujamwomba radhi.

Ndipo tukaanza kujifunza. Mtoto huupata ugonjwa huo anapopokea jeni ya hemoglobini iliyobadilika toka kwa baba na toka kwa mama, nao mara nyingi ni wazima na hawajui lolote. Seli nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na mifupa huuma vikali. Mchawi hana nafasi humo.

Lililotushangaza zaidi ni hili: miezi ya kwanza mtoto huyo haumwi. Tumboni alitumia hemoglobini nyingine, ya utotoni, ambayo haipindishi seli. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A, mojawapo ya zile zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze, huifunga jeni ya hemoglobini ile. Watafiti wa Boston, akiwemo Stuart Orkin, walilionyesha jambo hilo mwaka 2008.

Je, kifungo hicho chaweza kulegezwa? Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zilikubali tiba ya Casgevy. Seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, BCL11A hupunguzwa nguvu ndani yake kwa kukata jeni, kisha hurudishwa mwilini baada ya kemoterapi kali. Hakuna kiinitete kinachoharibiwa. Hati Dignitas Personae ya 2008 inaruhusu kutumia seli shina za mtu mzima bila kumdhuru. Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Nani mtaani petu atazipata?

Kwa hiyo wanakemia wanatafuta kidonge cha kuizuia protini hiyo. Kazi ni ngumu, kwani protini za aina hii hazina mahali pepesi pa dawa kushika, tena BCL11A ina kazi nyingine katika ubongo na katika kinga ya mwili.

Hata hivyo iko dawa ya zamani, haidroksiurea, inayoongeza hemoglobini ya utotoni. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wa Afrika, wakiwemo wa Kinshasa, na matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Mwenzetu hakuwahi kuisikia, wala sisi.

Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, tutakwenda kwa mama yule. Bado hatujakubaliana nani aanze kusema.