Kiangazi katika Ngitili ya Zagayu

Watu wengi hufikiri kwamba mtumishi akistaafu, kazi yake ni kukaa kivulini na kungoja pensheni. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini mwezi wa Agosti 2022 nililala usiku mmoja porini pamoja na wazee wawili waliostaafu, na niliona mambo mengine.

Wazee hao ni mtu na mkewe. Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipotimiza miaka 60. Mke alikuwa muuguzi wa zahanati. Kwao ni Zagayu, wilaya ya Itilima. Zamani Zagayu ilihesabiwa katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ulianzishwa mkoa mpya wa Simiyu, na wilaya ya Itilima nayo ikazaliwa.

Kijijini wana nyumba nzuri ya bati, karibu na barabara. Waliijenga kwa kiinua mgongo. Lakini kila mwaka, mavuno yakiisha, nyumba ile hufungwa kwa kufuli. Wazee hupakia godoro, sufuria, madebe ya maji, redio na kuku wao juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Huenda kuishi kwenye ngitili yao mpaka mvua zinyeshe.

Wasukuma wanaijua ngitili. Kwa msomaji wa mbali nitaeleza kidogo. Ngitili ni eneo la majani na miti ambalo mwenyewe hulifunga mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Mifugo haiingii humo masika yote. Majani hukua, hukomaa na kukauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapokuwa kikali, mwezi wa Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa kipande kimoja kimoja. Kwanza huingia ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai. Maksai wakikonda, mvua ya kwanza itawakuta hawana nguvu ya kuvuta jembe, nawe utachelewa kupanda.

Nilikwenda kwa pikipiki mpaka njia ilipokwisha, kisha nikatembea. Mashamba ya pamba yalikuwa yamebaki mabua tu. Nilipita nikiwakumbusha watu kwamba mabua yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe 15 Septemba, ili wadudu wasipate pa kujificha. Lambo lilikuwa na maji kidogo katikati, na tope pande zote. Mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta majani ya juu kwenye vichaka. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno.

Halafu nikafika. Upande mmoja wa njia ardhi ilikuwa tupu kama sakafu. Upande wa pili majani yalifika magotini, rangi yake kama ngozi ya simba, na juu yake migunga na mikwaju. Ndege walikuwa wengi. Nyuma kulikuwa na kilima cha mawe makubwa.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Bwana Shamba umepotea sana. Karibu, kaa hapa."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunishauri tena nilime pamba?"

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa aibu. Nitaeleza kwa nini.

Kibanda chao ni cha miti na nyasi, na juu wamefunga turubai. Kuna taa ndogo ya nguvu za jua. Kando ya kilima kile kuna ngitili za watu wengine watano, na karibu wote ni wazee. Kila mmoja ana kibanda chake. Kiangazi huwa ni kama kitongoji kipya. Wanaazimana chumvi, wanagonjeana, na jioni hucheza bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Mwalimu alifungwa mara mbili mbele yangu, akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Kete alikuwa anaziona vizuri kabisa.

Niliwaeleza kwamba huko Marekani wako wastaafu wanaoishi hivi. Wana nyumba za magurudumu zenye kitanda, jiko na choo, nazo huvutwa na gari. Wakati wa joto hupanda milimani kwenye baridi. Wakati wa baridi huteremka jangwani, na maelfu yao hukutana Quartzsite, katika jimbo la Arizona. Wengine hulinda kambi za watalii, na kwa kazi hiyo hupewa mahali pa kukaa bila kulipa.

Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Na ng'ombe wao huwaacha na nani?"

Mwalimu akaonyesha mkokoteni kwa kidole. "Nyumba yangu ya magurudumu ni ile. Hainywi petroli."

Siku yao huanza kabla ya jua. Mama hukamua maziwa ya kutosha chai tu, kwa sababu kiangazi ndama wanahitaji mengi. Kisha huwakagua ng'ombe mmoja mmoja kama alivyokuwa akikagua wagonjwa wodini. Akiona kidonda huosha na kupaka dawa. Majirani humletea na mifugo yao, wakati mwingine na watoto wao pia. Mwalimu huzunguka mpaka wote wa ngitili. Husafisha barabara ya kuzuia moto na kutazama kama kuna nyayo za mifugo zilizoingia usiku. Ana mizinga ya nyuki mitini. Kuni ni za miti iliyokauka tu. Mama huanika michembe na majani ya kunde, na mchana hufuma vikapu. Jumamosi na Jumapili wajukuu huja, na Mwalimu huwafundisha kusoma kwa fimbo na mchanga.

Watoto wao wakubwa hawafurahi. Wako mjini Mwanza. Binti yao amesema mara nyingi kwamba ni aibu wazazi wenye nyumba ya bati kulala porini na fisi. Mama hunijibu mimi badala ya kumjibu yeye: "Mjini ningekaa kwenye kochi nikingoja mtu arudi kazini. Hapa watu hunijia wenyewe."

Kosa langu

Mwaka 2014 nilipita Zagayu nikihimiza kilimo cha pamba. Nilipoona ngitili hizi niliziita ardhi iliyolala. Nilimshauri Mwalimu, aliyekuwa bado kazini, apeleke jembe. Alinisikiliza, akanipa uji, na hakufanya lolote. Jirani yake mmoja alinisikiliza pia. Yeye alifanya kama nilivyosema. Alikata miti, akalima ngitili yake yote.

Ningalipaswa kujua. Mababu walitunza majani hivi tangu zamani. Katika Usukuma misitu mingi ilifyekwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Wakati wa kuhamia vijijini, mwaka 1974 na 1975, watu wengi waliacha ngitili zao mbali. Ardhi ikawa tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Ulifanya kazi hadi 2004. Mwanzoni wataalamu waligawa miche. Baadaye waliona kwamba wananchi wana dawa yao wenyewe, wakawasaidia kurudisha ngitili. Maelfu ya hekta yakafunikwa tena. Hayo yote nilifundishwa chuoni, na bado nikaenda kumwambia mtu akate.

Sasa, siku niliyofika ilikuwa Jumapili, tarehe 14 Agosti. Ng'ombe wa Mwalimu walikuwa wamemaliza mabua ya mtama shambani, na kesho yake alitaka kufungua ngitili. Aliniomba tupime majani. Kazi hii kila mfugaji anaweza kuifanya. Unapima mita moja kwa mita moja, unakata majani yaliyomo na kuyapima kwa mizani. Unafanya hivyo mahali pengi, penye majani mengi na penye machache, kisha unatafuta wastani. Sisi tulipata gramu 200. Ngitili ni ekari 12, yaani kama mita za mraba 48,000. Basi majani yote yalikuwa kilo 9,600. Nusu lazima ibaki kulinda udongo. Ya kulisha yalikuwa kilo 4,800.

Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Mwalimu ana ng'ombe 8. Watakula kilo 48 kwa siku, na majani yatatosha siku 100. Mwalimu aliridhika. Siku 100 zingemfikisha karibu na mwisho wa Novemba.

Usiku tulikaa kwenye moto, wanaouita shikome, mahali ambapo wazee huzungumza na vijana. Yule jirani akaja. Alikuwa amekonda. Alisalimu wote, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema ana ng'ombe 14, na malisho ya wote yamekwisha. Aliomba waingie.

Angeweza kuwaingiza usiku kwa siri. Wengine hufanya hivyo, wakikamatwa hupelekwa kwenye mkutano wa jadi, dagashida, na kutozwa faini inayoitwa mchenya. Yeye alikuja kuomba. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Mwalimu alichukua kijiti akaandika mchangani. Ng'ombe 22, kilo 132 kwa siku. Siku 36. Majani yangekwisha kabla ya tarehe 20 Septemba, na baada ya hapo wangekufa wote, wake na wa jirani.

Hakuna aliyesema neno. Mimi ndimi niliyekuwa na elimu ya kilimo pale, na sikuwa na jibu.

Mama ndiye aliyesema. "Kumi na wanne hapana. Lete maksai wako wawili na yule mwenye mimba. Waliobaki, uza unaoweza wangali na nyama, ununue mashudu ya kuwapa wengine. Na sisi tutauza wawili."

"Wawili gani?" aliuliza Mwalimu.

"Mmoja ni lile dume jekundu."

Mwalimu alilipenda sana dume lile. Aliinuka akaenda kutazama zizi, ingawa hapakuwa na sauti yoyote. Aliporudi alifuta hesabu ya kwanza kwa mguu, akaandika nyingine. Ng'ombe 9, kilo 54. Siku 88. Tarehe 11 Novemba.

"Mvua ikichelewa?" nilimwuliza.

"Ikichelewa tutakuwa tumekosa pamoja," alisema, akaenda kulala.

Nilirudi tarehe 17 Novemba. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku nne kabla. Niliwakuta njiani wakirudi kijijini. Mama alikuwa juu ya mkokoteni, amekalia godoro, na kuku miguuni. Maksai waliouvuta walikuwa wa jirani. Mwalimu alikuwa nyuma, mikono imejaa mikwaruzo. Alikuwa amefunga ngitili kwa miiba asubuhi ile.

Jirani aliuza ng'ombe watatu. Wanne walimfia mwezi wa Oktoba. Yule mwenye mimba alizaa mtamba.

Aliniambia mwaka ule hatalima ekari tatu za chini ya kilima. Aliniomba nimpimie mpaka. Nilikuwa na kamba ya mita 50 kwenye pikipiki, tukaenda.