Kidonda cha Mama na Dawa ya Kihindi

Mwezi huu tuongee juu ya vidonda vya miguu visivyopona, maana kwa familia nyingi kuna mzee anayeficha mguu wake chini ya kitenge.

Mama yangu alipata kidonda juu ya kifundo cha mguu tukiwa bado Goma, alikosimama sokoni miaka mingi akiuza mihogo. Tulivuka mpaka mwaka 2023, tukafika Nkamira, hapa Rubavu, na kidonda kikazidi kupanuka. Basi akatokea mchuuzi na "dawa ya Kihindi": marhamu ya kupaka na unga wa kunywa, bila karatasi ya kueleza kilichomo. Alitaka pesa yetu ya mwezi mzima. Mama akasema, "Mwanangu, wacha tujaribu, nimechoka kunuka." Neno hilo liliniuma sana.

Elimu ya Wahindi ipo kweli. Tiba yao ya Ayuveda ni ya zamani sana. Kitabu cha mganga Sushruta kinafundisha kuosha kidonda, kupaka asali na samli, na kinataja namna 14 za kufunga bandeji. Hata leo, huko Kasaragod, jimbo la Kerala, taasisi moja ya ngozi inatibu miguu iliyovimba kwa kuchanganya Ayuveda na udaktari wa hospitali: kuosha, mafuta ya mitishamba, mazoezi, bandeji. Si marhamu peke yake. Tena mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayuveda za kunywa zilizouzwa madukani Boston. Dawa 14 zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Nikamwomba mama twende kwanza kwa muuguzi. Akampima sukari, akagusa mapigo ya mguu, akasema, "Damu inashuka vizuri, kupanda ndiyo inashindwa." Mguu ukijaa maji, ngozi haifungi hata upake nini. Akamfunga bandeji ya kuvutika toka vidoleni hadi chini ya goti. Akamwambia atembee, na akilala mguu uwe juu kuliko moyo. Ila alituonya: kama mishipa inayopeleka damu mguuni imeziba, bandeji ya kukaza inaweza kuozesha mguu. Kwa hiyo usijifunge mwenyewe kabla ya kupimwa.

Na vidonda havina sababu moja. Mwingine ana ugonjwa wa sukari. Mwingine mguu umevimba kwa kutembea peku miaka mingi katika udongo wa volkano kama huu wetu. Wanyarwanda wanaita imidido. Huyo anahitaji sabuni, maji, mafuta na viatu.

Mchuuzi hatukumpa kitu. Kila Jumapili tunapima kidonda kwa uzi. Bado hakijafunga, lakini uzi unazidi kuwa mfupi, na harufu imekwisha. Mama ameanza tena kukaa na wenzake.

Ndugu zangu, kidonda kikipita wiki mbili bila kuanza kupona, ulizeni kwanza kimetokana na nini, ndipo muulize dawa. Na mzee wako akificha mguu, usimkaripie. Mletee maji ya uvuguvugu na sabuni, muuangalie pamoja.