Kutembea na Mwenye Huzuni

Katika mazoea yetu, kushauri ni mkubwa kusema na mdogo kunyamaza. Mshauri nasaha mmoja wa Tunduma, ambaye nimejifunza mengi kwake, hufanya kinyume. Wengi wanaomjia ni madereva wa malori waliokaa foleni siku kadhaa wakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Huanza kwa salamu ndefu: habari za nyumbani, habari za safari. Akiona mtu amejikunja na maneno hayatoki, humwambia, "Kaka, tukanyooshe miguu." Hutembea bega kwa bega, pumzi hutulia, na aliyeshindwa kusema akitazamwa usoni husema akiitazama njia.

Mjini Harare, Profesa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaandaa akina bibi wawasikilize wenye sonona, wakiwa wameketi nao benchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hana shahada. Ana subira, na majirani wanamwamini.

Kwetu, Kanuni ya Adhabu bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Nani atafungua moyo wake ikiwa kusema kwaweza kumfikisha polisi? Sheria hiyo ifutwe, na halmashauri za Songwe ziajiri washauri nasaha, ziwape na muda wa kutosha kwa kila mtu. Imani haijengeki kwa dakika tano za dirishani.