Dakika 20 Kabla ya Mpira



Kwa miaka mingi tumefundisha darasani asubuhi na katekisimu jioni, na pamoja na hayo tumesimamia timu ya wasichana ya mpira wa miguu hapa Baraka. Tuliposomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto haandiki sentensi kabla ya kuzijua herufi. Uwanjani tuliisahau kanuni hiyo. Tulipiga filimbi, tukatupa mpira katikati, na mchezo ukaanza. Mabinti waliokuwa wamelima na kubeba mabidoni ya maji tangu alfajiri walitakiwa kukimbia papo hapo kwa nguvu zao zote.

Jumamosi moja, binti wa miaka 15 aliruka kuupiga mpira kwa kichwa. Hakuna aliyemgusa. Alitua kwa mguu mmoja, goti likapinda kuelekea ndani, na waliokuwa karibu wakasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Alilia kidogo, akainuka. Sisi, kwa tamaa ya ushindi, tulimwambia: "Vumilia, binti yetu, zimebaki dakika chache." Akavumilia. Alipogeuka kuufuata mpira, akaanguka tena. Jioni goti lilikuwa limevimba sana; nyumbani likakandwa kwa maji ya moto na kuvutwa. Hakucheza tena. Hata leo, akiteremka kutoka shambani na mzigo wa mihogo, goti humlegea ghafla. Mama yake hakutugombeza. Alituuliza tu: "Mwalimu, hamkuona kwamba anaumia?"

Wengi walisema kwamba mpira si mchezo wa wasichana. Jibu hilo lilitufariji, maana lilituondolea lawama, lakini halikuwa kweli. Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika. Miongoni mwao wamo Wakongomani kama mabinti zetu. Tofauti ni kwamba wao huandaliwa.

Tulianza kusoma na kuwauliza wauguzi. Ndani ya goti mna ukano unaoushika mfupa wa paja na mfupa wa muundi visiachane. Katika mpira wa miguu, wasichana huukata mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana, na mara nyingi bila kugongwa na mtu: ni katika kutua, kusimama ghafla au kugeuka. Sababu ni nyingi, na mojawapo inaweza kurekebishwa: misuli ya nyuma ya paja na ya nyonga isiyozoezwa huliacha goti lianguke ndani.

Huko Norway, watafiti walifuatilia wachezaji wasichana 1,892, wenye umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Nusu ya vilabu vilifanya mazoezi maalumu ya kupasha mwili moto, yanayojulikana kama FIFA 11+. Katika vilabu hivyo majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya zaidi kwa karibu nusu. Mazoezi hayo hayahitaji mashine wala fedha, ila mpira na dakika 20.

Tunayafanya hivi. Dakika 8 za kwanza ni kukimbia polepole, huku tukifungua nyonga na kubadili mwelekeo. Dakika 10 zinazofuata ni za nguvu na mizani: kujiinua kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kupiga magoti, mwenzako akikushika vifundo vya miguu, nawe ukiinama mbele polepole, kusimama kwa mguu mmoja huku ukirushiwa mpira, kisha kuruka na kutua kwa utulivu, magoti yamekunjwa na kuelekea kwenye vidole vya miguu. Dakika 2 za mwisho ni kukimbia kwa kasi na kukata kona. Tunafanya hivyo angalau mara mbili kwa juma, na wala haturuki sehemu ya kati, ambayo wachezaji huiona inachosha.

Tumejifunza pia kuuliza maswali tusiyozoea. Je, binti amekula? Bugali na ndagala wanaoliwa wazima huijenga mifupa, lakini anayecheza kwa njaa huidhoofisha. Je, amepumzika baada ya shamba? Na binti ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi mitatu azungumze na muuguzi. Mama mmoja wa parokia hulishughulikia jambo hilo kwa siri, kwa sababu si rahisi kumwambia mwalimu mwanamume.

Hatudai kwamba hakuna anayeumia tena. Lakini sasa, goti likitoa mlio au likivimba, mchezaji hutoka na harudi siku ile. Tunaweka kitambaa chenye maji baridi, tunalifunga bila kulikaza mno, tunauinua mguu, na tunampeleka hospitali. Hatuvuti wala hatukandi.

Vijana, ninyi mnaoandaa mechi kati ya vikundi vya Baraka na Fizi, tunawaomba mambo mawili. Fikeni uwanjani dakika 20 mapema, wasichana kwa wavulana. Na binti akisema "naumia", simamisheni mchezo kabla hamjatazama matokeo. Sisi hatukufanya hivyo siku ile, na yule mama bado hatujaweza kumjibu.