Kiti cha Babati

Kuna gari moja jeusi ambalo wazee wa Babati wa rika langu hulitaja kwa heshima ya mtu. Wao humwita Kiti. Huko Marekani alikozaliwa mwaka 1982, katika tamthilia ya mfululizo iliyoitwa Knight Rider, jina lake lilikuwa KITT, kifupisho cha maneno marefu ya kiwandani yaliyoishia na namba elfu mbili. Sisi tulilisikia jina hilo kwa masikio ya Kiswahili, na usiku wa kwanza banda zima liliangua kicheko: iweje gari liitwe kiti? Mimi niliyekuwa mkalimani nikajibu papo hapo kwamba kiti ni mahali pa heshima, na aliyekikalia husikilizwa. Kicheko kikatulia. Hapo ndipo nilipoanza kutia maneno yangu kinywani mwa gari.

Nilifika Babati mwaka 1989, kijana kutoka Pemba, kumsaidia ami yangu dukani. Mji ulikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Manyara haikuwa mkoa mpaka mwaka 2002. Kwetu Zanzibar televisheni ilikuwapo tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa visiwani, hata akiwa na Kiingereza cha kuombea maji, alihesabiwa kuwa mjuzi wa mambo ya kioo. Mwenye banda la video alinikalisha kando ya televisheni, jenereta likinguruma nje, na kanda zilizochakaa kwa kupita mikono mingi zikaanza kuzunguka.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Polisi apigwa risasi usoni. Tajiri aliye karibu na kifo amwokoa, ampa uso mpya na jina jipya, Michael Knight, kisha amkabidhi gari lisilopenywa na risasi, lenye taa nyekundu inayokwenda na kurudi puani, na lenye kusema. Dereva alikuwa David Hasselhoff. Sauti ya gari ilikuwa ya William Daniels, ambaye jina lake halikutajwa hata katika orodha ya waigizaji. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, taratibu, yenye kejeli ya kistaarabu. Hilo nililisikia hata pale maneno yaliponipita, na maneno yalinipita mara nyingi.

Yaliponipita, nilitia yangu. Michael akienda mbio, Kiti alimwambia kwamba nahodha hapimwi kwa upepo mwema. Akiingia mtegoni, Kiti alimkumbusha ngalawa isiyo na ndubi. Usiku mmoja Michael alikuwa na adui mikononi, amekwisha kumshinda, na gari likasema jambo refu ambalo sikulielewa hata neno. Nikatafsiri: "Bwana Maiko, ukishamweza mtu, huna tena sababu ya kumpiga." Banda likanyamaza. Fundi mmoja wa baiskeli, aliyekuwa na sifa ya kuwachapa wanagenzi wake kwa spana, alitoka usiku ule bila kuaga. Tangu hapo hakuna aliyemwona akimchapa mtu. Akiulizwa, alisema: "Kiti amekataza."

Kazi hii haikuwa yangu peke yangu. Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliipatia umaarufu huko Dar es Salaam, na Uganda wakalimani wa filamu wamekuwa nyota kuliko hata waigizaji. Lakini katika mji wetu, chini ya mlima Kwaraa, Kiti alikuwa na sauti moja tu, nayo ilikuwa yangu.

Ndipo tukasikia kwamba Wamarekani wamelifufua gari. Filamu ya ufunguzi ilionyeshwa huko Februari 2008, na mfululizo ukaanza Septemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata diski zilinifikia, nikawaalika wenzangu wa banda la zamani sebuleni kwangu: fundi baiskeli, mama muuza samaki wa ziwani ambaye zamani alikaa nyuma kabisa na ndoo yake, na wengine watatu. Walikuja na wajukuu waliokuwa wakisoma sekondari. Mama wa samaki alivaa kanga mpya.

Gari halikuwa lile. Pontiac ilikuwa imeondoka, imekuja Ford Mustang. Elfu mbili imekuwa elfu tatu. Sauti ilikuwa ya Val Kilmer, mwigizaji hodari aliyefariki mwaka 2025, lakini alipewa maneno makavu kama ya karani wa forodha. Gari lilibadili umbo kila lilipotaka, na jambo linaloweza kuwa kila kitu ni gumu kulipenda. Nilitafsiri neno kwa neno. Baada ya nusu saa fundi alisema: "Gari hili linajibu, halizungumzi." Mama wa samaki alijifunika kanga akasinzia. Tulizima kabla ya mwisho. Hata Wamarekani wenyewe hawakuvumilia sana; mfululizo ule ulikoma mwaka 2009, baada ya msimu mmoja tu.

Nilikasirika kwa namna inayonishangaza hadi leo. Niliwaeleza wenzangu habari ya takhmisa, jinsi mtunzi anavyochukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, na ile ya asili ikabaki mwishoni bila kuguswa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alilifanyia hivyo shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, na hakuna aliyelalamika kwamba Liyongo ameharibiwa. Hawa, nikasema, wamefuta ile miwili na kutuachia mitatu yao mitupu.

Hoja hiyo ilinitosha kwa miaka kadhaa, mpaka mjukuu wa fundi alipopata mfululizo wa zamani, ule wa 1982, wenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Alikuja kwangu na daftari, mwenye adabu. "Babu, nimetafuta ngalawa. Haimo. Nimetafuta na lile neno la kutompiga mtu. Halimo."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimewalaumu watu wa mbali kwa kuondoa katika gari lile mambo ambayo hawakupata kuyatia. Na kilichonichoma zaidi ni fundi. Mtu alikuwa ameyageuza maisha yake kwa hukumu ya gari, na hukumu hiyo niliibuni mimi, kijana asiyeelewa Kiingereza, ili banda lisione nimekwama.

Asubuhi nilikwenda kwenye karakana yake, nikamweleza yote. Alikuwa akinyoosha rimu. Hakuinua uso.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ngalawa. Gari la Marekani litajuaje ndubi?" Akazungusha gurudumu, akalitazama likienda. "Kiswahili kile kilikuwa cha kwenu. Sisi tulikuja kukusikiliza wewe."

Nikamuuliza, basi, kwa nini lile jipya lilimchukiza.

"Halikunichukiza. Siku ile wewe hukutia neno lako. Uliwaogopa watoto wanaojua Kiingereza."

Ni kweli niliwaogopa. Nilijificha nyuma ya usahihi, kisha nikamtwika lawama mtu wa Hollywood. Sisemi kwamba tamthilia ile ilikuwa njema, haikuwa. Lakini zile kanda za zamani nazo zilikuwa na siku zake za ubutu, na hatukuziona, kwa sababu palipokuwa pabutu palijazwa. Safari hii mishororo miwili ilikuwapo, hata kama ni dhaifu, na mtu aliyezoea kutia mitatu alikaa kimya.

Mjukuu bado ana lile daftari. Juzi aliniomba nimwandikie ndani yake maneno yote ya Kiti ninayoyakumbuka, yale yasiyomo. Nimefika ukurasa wa tisa. Juu ya kila ukurasa nimeandika jina langu.